Waja Leo, Warudi Leo: Siku Nane za Tanga

Mama mwenye gesti hakuniuliza natoka wapi wala nimefuata nini. Aliuliza nakaa siku ngapi. Nilipojibu nane, alicheka mpaka mtandio ukamteleza begani.

"Mwanangu, hapa ndipo Tanga. Waja leo, waondoka leo. Hizo nane umezihesabu na nani?"

Akanipokea malipo ya siku zote, akaniwekea ndoo ya maji mlangoni mwa bafu, akanionyesha pa kuanika taulo, akarudi zake barazani.

Msemo huo kila Mtanga anao, na kila mmoja ana tafsiri yake. Wapo wanaousema kwa kujisifu: raha za mji ni nyingi, mgeni hupanga kuondoka leo na hiyo leo haifiki. Wapo wanaomtania nao mpita njia. Hata sarufi haimalizi ubishi, kwa kuwa "waja" yaweza kuwa wewe unayekuja, na yaweza kuwa wao wanaokuja. Mimi niliufanya ratiba. Kitanda kimoja Chumbageni, kibegi kimoja cha mgongoni. Asubuhi natoka, jioni narudi. Upande mmoja bahari, upande wa pili milima ya Usambara, katikati mashamba ya mkonge na michungwa. Ilikuwa Julai, kipupwe, na kusi lilikuwa linavuma.

Siku ya kwanza sikwenda mbali. Jiji la Tanga, lenye watu wanaokaribia 400,000 kwa sensa ya 2022, limekaa kwenye tambarare, na tambarare imelifanya mji wa baiskeli. Mwalimu anakwenda kazini kwa baiskeli, muuza mikate ya ajemi yuko juu ya baiskeli, bibi amebebwa upande kwenye kiti cha nyuma, miguu ameikusanya na mwavuli ameukunjua. Ngamiani barabara zimepewa namba, kuanzia ya kwanza hadi ya ishirini na moja, kwa hiyo mgeni hapotei ila kwa kutaka. Katika mitaa hii na ya jirani zilivuma Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na ndipo Black Star na Lucky Star walipoivisha taarabu gitaa la umeme na mapigo ya kuchezeka, wakati Unguja bado inawasikiliza wapiga fidla wakiwa wameketi vitini.

Reli inaugawa mji. Huku Ngamiani, kule majengo ya Wajerumani: boma ambalo sasa ni makumbusho ya Urithi, mnara wa saa katika bustani ya Jamhuri, Shule ya Tanga iliyoanzishwa 1892, ambako mwanzoni mwa karne ya 20 lilichapwa gazeti la Kiswahili, Kiongozi. Reli yenyewe ilianza kujengwa hapa mwaka 1893, ikiwa ya kwanza katika eneo ambalo leo ni Tanzania Bara, ikafika Moshi 1911. Miaka mitatu baadaye ndiyo iliyowaokoa Wajerumani wenyewe.

Novemba 1914 meli ya kivita ya Uingereza, Fox, ilitangulia bandarini. Nahodha wake akashuka pwani kuwataka Wajerumani wasalimu amri. Ustaarabu huo uliwagharimu Waingereza vita. Wakati jeshi la Jenerali Aitken, askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, likishuka polepole upande wa Ras Kazone, Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa anawapakia askari wake kwenye mabehewa kutoka Moshi. Wote pamoja hawakuzidi sana 1,000. Risasi zilipoanza kupasua miti, nyuki walitoka wakauma bila kuchagua bendera. Tarehe 5 jeshi kubwa likarudi melini, limeacha pwani bunduki kwa mamia na risasi kwa malaki. Waingereza hawakuingia Tanga hadi Julai 1916.

Mzee niliyeketi naye kwenye kahawa jioni hiyo alilifupisha jambo lote huku akipuliza kikombe. "Wale walikuwa na mizinga yao, na hawa walikuwa na yao. Nyuki nao wakatetea ya kwao."

Siku ya pili nilielekea kaskazini. Mapango ya Amboni yako kilomita 8 hivi kutoka mjini, karibu na barabara ya Horohoro inayokwenda Mombasa. Bodaboda alinishusha chini ya miti, kiongozi akawasha tochi, tukaingia. Mapango haya ni ya mawe ya chokaa ya enzi za Jurasiki, yaliyokuwa chini ya bahari kiasi cha miaka milioni 150 iliyopita, na maji yakayachonga vyumba, nguzo na dari ambazo kiongozi huzipa majina kwa kumulika: huyu simba, huyu tembo, hii sofa, huu msikiti. Kila asiyeona simba huambiwa asogee kushoto kidogo.

Kuna mahali watu huja kuomba watoto, kazi au afya. Chupa za marashi, vitambaa na sahani za udongo zimeachwa pale, na kiongozi alipunguza sauti tulipopita. Kuna pia shimo ambalo husemwa linatokea Mombasa, jingine Kilimanjaro. Kisa maarufu ni cha mbwa aliyezama hapa akaonekana kule mlimani, mamia ya kilomita. Wapimaji walioingia na vifaa mwaka 1994 walikuta refu kuliko yote halifiki kilomita 1. Kisa cha mbwa hakikupungua nguvu. Chenye ushahidi zaidi ni cha Osale Otango, aliyejificha humu miaka ya 1950 akisakwa na serikali ya kikoloni. Kwa polisi alikuwa jambazi, kwa vijiji vya jirani alikuwa mtu aliyewapokonya walowezi na kuwagawia maskini.

Hapo karibu zipo chemchemi za maji moto za Galanos, zilizopewa jina la mlowezi wa Kigiriki aliyekuwa na mashamba ya mkonge. Harufu ya salfa ilinitangulia kufika. Nilitumbukiza miguu, nikanuka mayai mpaka Chumbageni.

Kusini nilikupa siku tatu, nikakuta hazitoshi.

Barabara ya Pangani inafuata pwani, minazi kushoto, mkonge kulia. Baada ya kilomita 10 hivi kuna Machui, kijiji ambacho msomaji yeyote wa Kiswahili angepaswa kukipita kwa adabu. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, hapa hapa Machui, tarehe 1 Januari 1909, akarudishwa kuzikwa hapa Juni 1962. Aliyeandika Kusadikika na Adili na Nduguze alikula mshahara wa karani wa serikali miaka mingi, akianzia idara ya forodha. Kaburi ni la kawaida kwa mtu mwenye jina kubwa hivyo. Kijana aliyenipeleka aliniuliza kama mimi ni mwalimu. Wanaokuja wengi ni walimu, alisema, na wanafunzi wanaoletwa na walimu.

Mbele kidogo, Tongoni. Tongo ni mahame, mahali palipohamwa, na jina halikukosea. Msikiti wa karne ya 14 au 15 umebaki kuta na kibla chake. Kuuzunguka kuna makaburi zaidi ya 40, mengi yakiwa na nguzo za mawe, nyingine zimesimama, nyingine zimelala kama vigogo. Hakuna mahali pengine katika pwani ya Afrika Mashariki palipokusanya makaburi ya nguzo mengi kiasi hiki. Kwenye baadhi ya nguzo bado yapo mashimo ya duara yalimokuwa mabakuli ya kaure ya Uchina. Mabakuli yenyewe yamekwisha kubanduliwa zamani.

Huu ndio mji ambao zamani uliitwa Mtang'ata, na wenyeji wa huku lahaja yao bado ni Kimtang'ata. Vasco da Gama alipita mbele yake Aprili 1498, meli yake mojawapo, São Rafael, ikakwama mwambani mpaka maji yalipojaa. Mabaharia wake walipotazama bara waliona milima mirefu ya kupendeza, wakaiita kwa jina la meli. Ilikuwa Usambara. Januari 1499, wakirudi kutoka India, ugonjwa wa kiseyeye umewamaliza watu hata hawatoshi kuendesha meli tatu, waliichoma São Rafael hapo hapo. Nilisimama ukutani saa nne asubuhi, nikageuka bara kutafuta milima ile. Mawingu yalikuwa yameifunika, nikaambiwa nirudi jioni.

Kigombe, kijiji cha wavuvi kati ya Tongoni na Pangani, kina mgeni wake wa kale kuliko Wareno. Silikanti ni samaki ambaye wataalamu waliamini alitoweka pamoja na dinosauri, hadi mmoja alipoletwa na wavuvi huko Afrika Kusini Desemba 1938. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa pwani hii walianza kuwanasa kwenye majarife waliyotega kwenye maji ya kina kirefu kutafuta papa. Wakawapata kwa makumi. Si samaki wa kupika: nyama ina mafuta mengi yasiyoliwa, na mwili wenye magamba mazito hufikia kilo 90. Mwaka 2009 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, kuanzia kaskazini mwa jiji hadi karibu na mto Pangani.

Mvuvi aliyekuwa anaziba nyavu chini ya mkungu aliniambia kuwa watu wa mbali wanamjali samaki huyo kuliko wanavyoujali uzi wa nyavu zake. Nilimuuliza kama amewahi kumwona. Mara mbili, akasema, na mara zote mbili alimharibia jarife.

Pangani iko kama kilomita 50 kutoka Tanga, mji uliolala pale mto unapomaliza safari ya kilomita 500 hivi, tangu mabonde ya Kilimanjaro na Meru. Hapa ndipo misafara ya pembe na ya watumwa ilipotokea pwani. Milango ya nakshi na nyumba za ghorofa za Uhindini bado zinasimama, baadhi zimeshikiliwa na mizizi ya mivumo kuliko na chokaa.

Agosti 1888 wakala wa kampuni ya Kijerumani, Emil von Zelewski, alikuja hapa kuishusha bendera ya Sultani na kuutia mji mkononi mwa kampuni. Kwa ubabe wake alipewa jina la Nyundo. Pangani ililipuka, na aliyeongoza ni Abushiri bin Salim al-Harthi. Vita vilienea Mrima yote. Mshairi Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mtu wa pwani hii, akavitungia utenzi. Abushiri alinyongwa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Nyundo naye hakuona mwisho mwema: aliuawa na Wahehe wa Mkwawa huko Lugalo, Agosti 1891.

Kivuko kinavuka mto kwenda Bweni kwa dakika chache, lakini dakika hizo hutanguliwa na subira. Asubuhi ile lori la mchanga lilikataa kuwaka likiwa limeziba njia ya kupandia. Tulikaa saa nzima: abiria, mbuzi wawili, mama mwenye beseni la maandazi aliyemaliza biashara yake kabla ya kuvuka, na vijana waliokuwa wanabishana daraja linalojengwa litakapokwisha litawaacha wapi wauza maandazi.

Ng'ambo hiyo ndiko Kikogwe, na huko ndiko ilikoanzia biashara iliyoujenga mkoa. Mwaka 1893 mtaalamu wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ilipofika baada ya kuzunguka kwa njia ya Hamburg, mizima ilikuwa 62. Kutokana na hiyo mashamba yakatanda hadi Korogwe na kuvuka mpaka wa mkoa, na kufikia miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa mkonge. Kazi ya kukata ilihitaji watu wengi kuliko waliokuwapo, na wenyeji wengi hawakuitaka. Wakaletwa Waha, Wabena, Wangoni, Wamakonde wa Msumbiji, watu wa Rwanda na Urundi, kwa mikataba na kwa namba. Ndiyo maana waliitwa manamba. Kisha zikaja kamba za nailoni, na bei ikaanguka. Leo korona chache bado zinanguruma, majani yanasagwa, nyuzi zinaanikwa kwenye waya na kung'aa juani kama nywele za wazee.

Nilikuwa nimepanga kumalizia na Maziwe, kisiwa kilicho mbele ya mlango wa Pangani, hifadhi tangu 1975. Nahodha aliyekubali jana yake kunipeleka aliangalia bahari, akaniangalia mimi, akarudia kuangalia bahari.

"Kaka, kusi limechachamaa. Na haya ni maji ya bamvua. Tutafika, lakini hutakiona kisiwa."

Alikuwa anasema kweli kwa namna mbili. Maziwe ilikuwa na miti ya mivinje, na kasa walipanda kutaga mayai kwa wingi. Miti ilitoweka miaka mingi iliyopita, mchanga ukabaki bila wa kuushika, na sasa maji yakijaa kisiwa huzama. Kasa bado hawajaacha kuja. Mayai yao huhamishwa na watu hadi ufuo wa Ushongo, yaanguliwe pakavu.

Siku ya sita niliigeukia milima. Daladala ya Muheza hujaa haraka, na Muheza yenyewe huanza kunuka kabla ya kuonekana: machungwa. Julai yako kila mahali, yamepangwa kwa mafungu barabarani, yamejaa magunia yenye vilemba vya nyasi, yanapakiwa malori ya Dar es Salaam na ya Kenya. Kutoka hapo gari dogo hupanda taratibu hadi Amani. Nilibanwa kati ya dirisha na mwanafunzi aliyelala begani mwangu tangu Muheza hadi Sigi bila kuamka hata kwenye mabonde.

Sigi palikuwa na stesheni. Wajerumani walileta reli ndogo kuchukua magogo, na nyumba ya mkuu wa stesheni sasa inawapokea wageni wa hifadhi. Juu zaidi, kwenye baridi ya ukungu, walianzisha mwaka 1902 kituo cha utafiti wa mimea na kilimo kilichojulikana duniani kote. Walipanda miti ya kila bara: mikafuri, mipira, mdalasini, na mkwinini, ambao magome yake yaliwapa dawa ya malaria wakati wa Vita vya Kwanza njia za baharini zilipofungwa. Waingereza wakaja, kisha kituo cha utafiti wa malaria kikakaa humo humo. Hifadhi ya mazingira asilia ya Amani ilitangazwa 1997.

Lakini mzaliwa wa Usambara aliyesafiri kuliko wote ni ua. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wilayani Tanga, aliona kwenye miamba yenye unyevu ua dogo la zambarau, majani yake yana manyoya kama sikio la paka. Akalipeleka Ujerumani kwa baba yake. Mwaka uliofuata likapewa jina la ukoo wao, Saintpaulia. Leo limo madirishani mwa mamilioni ya nyumba za Ulaya na Marekani, na wengi wanaolimwagilia hawajui lilikotoka. Huku kwao limebaki mahali pachache, penye kivuli na maji yanayotiririka. Kiongozi wangu alinipeleka kwenye mwamba mmoja, akanizuia nisikanyage kabla sijaona kitu. Yalikuwa matatu, madogo kuliko shilingi.

Chini ya mwamba ule kuna kijito. Nikamuuliza kinakwenda wapi.

"Zigi," alisema. "Zigi inaingia bwawa la Mabayani. Wewe umefikia Tanga mjini? Basi umekuwa ukiyaoga haya."

Sikuwa nimewahi kuuliza.

Siku ya saba ilinivunjia ratiba. Lushoto haiendeki na kurudi siku moja kwa anayetaka kuiona. Basi huacha barabara kuu Mombo, hupanda kilomita 33 za kona, na kila kona hubadilisha mboga zinazouzwa: nyanya, kabichi, karoti, kisha matunda damu na peasi. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, na walipanda kukimbia joto la pwani. Wasambaa walikuwa wamekaa milimani hapa muda mrefu kabla yao, chini ya wafalme wa Kilindi, ambao Abdallah bin Hemedi aliwaandikia kitabu, Habari za Wakilindi. Nilifika Irente jua linatua. Chini, ukingo wa mlima ulishuka wima hadi tambarare ya Mombo, na lori kwenye barabara kuu lilionekana kama siafu aliyebeba punje. Basi la mwisho lilikuwa limekwisha kushuka. Nililala Lushoto chini ya mablanketi mawili, nikaongeza la tatu usiku wa manane.

Nilirudi Chumbageni siku ya nane jioni, nina vumbi la Mombo na fungu la peasi. Mama mwenye gesti alikuwa barazani, anachambua mchele.

"Jana hukulala," alisema.

Nikampa peasi, nikamwelezea basi la Lushoto. Akahesabu kwa vidole, punje zikimdondoka kwenye ungo.

"Ulilipa nane, umelala saba. Moja bado unayo. Na tiketi yako ya Dar kesho ni ya saa ngapi?"

Nikamwambia bado sijakata. Hakusema kitu, aliinuka, akaenda bombani uani, akajaza ndoo, akaiweka mlangoni mwa bafu kama siku ya kwanza. Nikachota kwa kopo. Maji yalikuwa ya baridi.